Kadi ya Osea

Igamba,
5 Januari 2025

Mwanangu Atuganile,

Pokea salamu zangu, na kama kifua chako kimeacha kukohoa vumbi la malori, nashukuru Mungu. Huku hatujambo. Mahindi yamefika magotini, kahawa imekunywa mvua ya kutosha, na masikio yangu yanaendelea na likizo yao. Ndiyo maana nakuandikia. Simu kwangu ni kitu cha kushika tu.

Dereva Eliudi alinikabidhi barua yako jana mbele ya kanisa. Nimeisoma mara mbili. Unasema baba yako mdogo Boazi anaumwa sana huko Ndola, na anataka kuniona. Boazi si mtu wa kuomba. Alipokwenda kutafuta kazi ya migodi Zambia hakuomba hata nauli, tuliamka tukakuta upande wake wa kitanda mtupu. Tangu hapo kila mwaka ananialika, nami kila mwaka namjibu: nikimaliza kuvuna kahawa. Kahawa unaijua, haimalizwi. Safari hii sisubiri. Nakuja, unipeleke.

Kuhusu kitambulisho, kipo, ila kwa sasa hakipo. Kimekwenda mjini Vwawa na Osward, mwenyekiti wetu wa kikundi. Mbolea ya ruzuku ikifika hatuwezi kwenda kijiji kizima kupanga foleni. Osward anakusanya kadi zetu, anazifunga kwa mpira aliokata kwenye tyubu ya baiskeli, anakwenda nazo peke yake na kurudi na mbolea. Kwa hiyo wiki hii nusu ya Igamba haina jina. Akirudi tu, nakuja.

Mimi baba yako,
Anania


Chapwa, Tunduma,
9 Januari 2025

Shikamoo baba,

Kikohozi kimeondoka, kimeniachia mafua yalinde nyumba. Wewe je, mgongo? Usiinue mifuko ya mbolea, tafadhali.

Nimekwenda kuulizia safari yako. Kwa kuwa huna pasipoti, utaomba hati ya dharura. Wanataka kitambulisho chenyewe, picha, na barua ya mtendaji wa kijiji. Si kazi kubwa.

Gloria, tunayepanga naye nyumba moja, alinicheka. Yeye kila asubuhi anapeleka nyanya Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Akaniambia, "Wewe, mzee wako anakwenda Zambia au anakwenda Ulaya? Mpe ndoo ya nyanya, avuke na mimi. Mtu mzima na nyanya zake, nani atamuuliza jina?"

Ni kweli baba, hapa watu wanavuka kama wanakwenda uani. Lakini Nakonde si Ndola. Njia ni ndefu, mabasi yanasimamishwa, watu wanashushwa. Sitaki baba yangu ashushwe porini na watu ambao hata hasikii wanamuuliza nini. Twende kwa haki, turudi kwa haki.

Kadi ikirudi niambie. Baba mdogo anauliza kila siku.

Mwanao,
Atuganile


Igamba,
12 Januari 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mgongo upo, mifuko wameinua wengine, mimi nilisimamia.

Kadi imerudi. Osward alizigawa chini ya veranda ya duka, mvua inapiga, kila mtu ananyoosha mkono. Alikuwa anatazama picha, anatazama sura, anatoa. Zile picha, mwanangu, nadhani mpigaji alimpata mzee mmoja akampiga mara nyingi. Wote tumekodoa macho kama tumesomewa mashtaka.

Najua utauliza kama nimeiangalia. Nimeiangalia. Miwani ilikuwa nyumbani, lakini nimeona: mzee, upara, shati limefungwa kifungo hadi kooni. Ni mimi. Nimeitia mfuko wa ndani wa koti, na haitoki humo mpaka mpakani.

Jumanne nakuja na gari la Eliudi. Nambebea Boazi kahawa niliyokaanga mwenyewe na maharage kidogo. Kule wanakula nini sijui.

Baba yako,
Anania


Igamba,
17 Januari 2025

Mwanangu Atuganile,

Hujambo? Nimefika nyumbani salama. Kahawa na maharage vimefika salama pia.

Nakuandikia kwa sababu pale stendi hatukuweza kuzungumza. Wewe ulikuwa unalia na mimi nilikuwa sisikii.

Yule afisa wa uhamiaji bado namwona. Kijana mwenye adabu. Alipogundua simsikii, akachukua karatasi akaandika: Umezaliwa lini? Nikamjibu. Akatazama kadi, akanitazama. Akaandika: Jina lako nani? Nikamwambia. Ndipo akaigeuza kadi nisome mwenyewe, na safari hii miwani ilikuwepo. Osea. Nimetoka Igamba hadi Tunduma nikiwa Osea, na hakuna aliyelalamika, hata mimi.

Naambiwa angeweza kuniweka ndani. Akaona mvi, akaniruhusu niende, nirudi na ya kwangu. Simlaumu.

Lakini nje alikuwepo Gloria na ndoo yake. Aliniashiria kwa kichwa hivi, twende. Nilikuwa nimeshainua mguu, mwanangu. Wewe ndiye uliyenishika koti.

Naandika tu kilichotokea.

Osea, jirani yetu, nimemtafuta kwake. Ameshuka Msangano kulima mpunga, yuko kwa Msukuma mmoja anaitwa Luhaga ambaye ana ng'ombe wa kulimia. Ameshuka na sura yangu mfukoni. Simu yake haipatikani. Kesho namfuata.

Baba yako,
Anania


Chapwa, Tunduma,
20 Januari 2025

Shikamoo baba,

Sijui barua hii itakukuta kwa nani, ila popote ulipo pole na matope. Nimempigia Osward akasema umeshashuka. Kwa hiyo nampa dereva wa lori linalokwenda Msangano kuchukua mpunga, akuulizie kwa Luhaga.

Baba, soma mpaka mwisho halafu uondoke.

Nilimpigia mama mdogo huko Ndola kumwambia umerudishwa. Baba mdogo akamnyang'anya simu. Nikamweleza habari ya kadi. Alicheka mpaka akapaliwa. Akasema, "Yaani mudala hajui hata sura yake mwenyewe?" Mudala ndiyo mzee kwa Kibemba chao. Halafu akasema, "Basi. Kama yeye hawezi kuja, nakuja mimi."

Wamekuja. Wamesafiri kwa basi siku nzima, na miguu ile iliyovimba. Yuko Nakonde, baba. Amelala kwenye chumba cha wageni cha kanisa lao, nyuma ya soko. Kutoka hapa kwangu ni mwendo wa kwenda kununua mkaa. Nilitaka tumvushe aje kwangu, mama mdogo amekataa asisogezwe tena, na nilipomwona nikaelewa.

Acha kadi. Acha hati. Njoo hivyo hivyo ulivyo. Nyanya nitabeba mimi.

Mwanao,
Atuganile


Msangano, kwa Luhaga,
22 Januari 2025

Mwanangu,

Habari za huko? Huku mbu wananiheshimu, wananianza mimi kabla ya wenyeji.

Osea nimempata shambani, maji hadi magotini. Nilipompa kadi yake akaisoma, akatoa ya kwangu, akaisoma nayo, halafu akakaa kwenye tuta. Akaniandikia kwa kidole kwenye tope kwamba kwenye ofisi ya kijiji huku walikuwa wanamwita Anania, akadhani ni jina la heshima. Huyo ndiye jirani yangu.

Kwa hiyo kadi ninayo, na nimeisoma kwa miwani, mchana, mara tatu. Tatizo sasa ni mto. Mvua imenyesha huko juu, maji yamefunika njia, hakuna gari linaloingia wala kutoka. Luhaga ananihudumia vizuri. Wanaye ndama mgonjwa, naye pia anahudumiwa, tunashindana.

Nimezoea kuja ukingoni kutazama kina. Ng'ambo kuna lori limesimama tangu jana. Dereva amelala chini yake. Hana haraka, na mimi najifunza kwake.

Mwambie Boazi asihangaike, safari hii nina kadi yangu. Maji yakipungua nakuja moja kwa moja Tunduma, sipiti hata nyumbani. Barua hii nitampa atakayetangulia kuvuka.

Baba yako,
Anania


Chapwa, Tunduma,
29 Januari 2025

Shikamoo baba,

Eliudi amesema ulifika Igamba salama. Nakuomba ule. Nimekutumia samaki wakavu na sukari.

Barua yako ya Msangano imenifikia jana. Nimeisoma nikaificha, kisha nimeitoa tena.

Ulipoingia uani kwangu Jumamosi, matope hadi kiunoni, barua yangu imelowa mkononi na kadi umeinyanyua juu kama tiketi, mimi ndiye niliyetakiwa kukuandikia. Niliandika "Jana alfajiri" tu, nawe ukakaa chini pale pale kwenye karai. Mengine hukuuliza, nami siwezi kuyapigia kelele sikioni mwako wapangaji wote wasikie. Nayaandika hapa.

Nilikuwa navuka kila jioni nikitoka kazini, nakaa naye. Ulitaka kujua alisema nini, najua. Hakusema jambo kubwa, baba, unisamehe. Alitaka kujua kama bado unapiga mluzi ukipogoa kahawa, nikamwambia unapiga ila husikii, kwa hiyo unapotea. Alipenda hilo. Aliuliza kama nyumba ya zamani ina bati. Alinionyesha namna mlivyokuwa mkilala kitanda kimoja, wewe ukutani, na kwamba usiku ule alipoondoka uliamka ukamwambia funga mlango baridi inaingia, kisha ukageuka ukalala. Alikuwa akiwasimulia watoto wake miaka yote. Kwake ilikuwa kichekesho.

Jumatano likasimama gari nje, akasema, "Mudala huyo." Mama mdogo akatoka kuangalia ili kumridhisha. Lilikuwa gari la kuleta soda. Akarudi akamwambia bado kidogo.

Baba, ningekuacha uvuke na Gloria siku ile, ungefika Ndola akiwa bado na nguvu za kucheka. Asingepanda basi kukufuata, wala asingekusubiri. Nilijiona najua mambo ya mpaka kwa sababu nafanya kazi ofisi ya kupitisha mizigo. Nilikutendea kama mzigo. Nimekuandikia hili ili usilazimike kuniambia.

Mama mdogo amepiga simu. Wamemzika Ndola Jumapili; gari lililobeba mwili lilikuwa limeondoka Ijumaa ile ile, kabla hujafika. Wanataka kukutana mwezi ujao kumaliza matanga, na anauliza kama bado utakwenda. Nimemwambia sijui, maana uliyekuwa unamwendea hayupo. Akasema watoto ndio wanaouliza. Baba yao alikuwa akiwaambia kuna mtu Tanzania amemnyang'anya sura yake, na wao hawakuwahi kuamini.

Kama hutaki, nitamwambia mgongo.

Mwanao,
Atuganile


Igamba,
2 Februari 2025

Mwanangu Atuganile,

Salamu. Nimekula samaki. Sukari nimeificha, maana Osea anakuja kila siku kuniomba radhi na kila siku anakunywa chai.

Barua yako niliisoma shambani, nikairudia nyumbani. Kuhusu ule mlango: ni kweli niliamka. Nilidhani anakwenda chooni. Laiti ningejua kwamba ameibeba miaka yote hiyo, ningetafuta neno zuri zaidi la kumwambia, lakini baridi ilikuwa inaingia.

Sasa kuhusu wewe. Ulinishika koti, hukunishika miguu. Mtu anayetaka kumwona mdogo wake anavua koti anakuachia, anakwenda. Mimi nililikumbatia. Nilitaka kwa mara moja katika maisha yangu nipite mahali na muhuri. Halafu nikakaa Msangano natazama lori ambalo limebeba barua yako, nikamsifu dereva kwa uvumilivu. Usijipe wewe peke yako kitu ambacho tumekifanya wawili. Kazi yako ya mizigo endelea nayo, unaifanya vizuri.

Osward amepita tena kukusanya kadi, kuna mbegu zinakuja. Nimemwambia ya kwangu haitoki. Ameudhika, anasema navunja umoja.

Mama yako mdogo usimwambie mgongo. Jumatatu ya tarehe kumi nakuja. Nenda mapema kwa yule kijana mwenye adabu. Mara ya kwanza sababu ya safari tuliandika kumwona mgonjwa. Safari hii sijui wanaandikaje. Andika kwamba naenda kuonwa.

Wale watoto sitaelewa Kibemba chao, na hata wakisema Kiswahili sitasikia. La kuwaambia pia sina, kwa sababu baba yao wao wanamjua kuliko mimi. Lakini sura ninayo. Nitakaa pale watakaponiweka, waitazame mpaka watosheke.

Baba yako,
Anania