Kwa Amma Sevvanthi, Aliyekufa kwa Haya ya Daktari

Umepita mwaka sasa, Amma, tangu tulipokupamba nywele kwa maua ya jasmini kwa mara ya mwisho. Walituambia hasira za msiba hupoa. Zetu bado zinachemka.

Ulitulea sisi watatu, thirunangai tuliofukuzwa makwetu kwa sababu tulizaliwa tukaitwa wavulana, nasi tu wanawake. Ulitupa majina. Ulitufundisha kupika sambar, mchuzi wetu wa dengu, na tukizidisha poda usoni ulitusuta: "Mnakwenda sokoni au mnakwenda kukaangwa?"

Kila Jumatano ulikwenda kufundisha chuo cha udaktari hapa Tirunelveli na ndoo ya mtindi. Ulimmiminia kila mwanafunzi, ukamtazama akinywa. Aliyesitasita ulimtoa nje. "Bilauri yangu tu inakutia kinyaa, mwanangu? Mimi mwenyewe utanishikaje?" Wengi walirudi, wakanywa. Ndipo ukawaeleza yale ambayo watu huyaonea aibu: kwamba mwanamke kama wewe ana tezi dume mpaka anakufa, na daktari asitibu sari, atibu mwili.

Akaja Mkuu mpya wa chuo. Somo lako akalikata, akabakiza la adabu tu: mwite jina lake, mpe heshima yake. Mambo ya mwilini akayafuta, eti ni machafu. Ukamwambia, "Heshima haitibu, bwana." Akacheka.

Ulipoanza kuumwa mgongo na mkojo kukusumbua, hospitali ya kwanza walitucheka mlangoni. Tukakupeleka kwa Daktari Ilamparithi, aliyesoma somo hilo likiwa limebaki adabu tu. Lo, adabu alikuwa nayo! "Karibu, Amma. Keti hapa, Amma." Akakupa dawa za mkojo anazowapa wanawake wote, zilipoisha akakuongezea.

"Mwanangu, nipime tezi dume," ulimwomba.

Akainamisha macho. "Amma, siwezi kukuvunjia heshima hivyo."

Saratani haina haya. Ilipogunduliwa ilikuwa imeshaingia mifupani, na wewe uliyekuwa ukitupigia kelele nyumba nzima hukuweza hata kugeuka kitandani.

Wiki hii daktari huyo alikuja nyumbani na ndizi na maua. Alilia sana. Binti yako Poongodi akamwambia, "Futa machozi, Daktari. Chuoni unakwenda lini ukawaambie mama alivyokufa mikononi mwako, ili somo lirudi lote?"

"Dada, nitapoteza kazi."

"Sisi tumepoteza mama."

Aliondoka. Ndizi zake hatukuzila.

Unakumbukwa na binti zako Poongodi, Vennila na Tamilarasi. Mjukuu wako Kayal. Dada yako wa tumbo moja, Rasathi, ambaye hakukukana hata siku moja. Na majirani wote wa mtaa wetu.

Sisi hatutakusahau milele, Amma. Na Mkuu wa chuo hatutamwacha akusahau.