Nyuzi Mpya za Besi ya Papa

Glasgow,
Jumapili, baada ya zamu

Mulembe, Papa.

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako, umeshiba, na kuna mtu mbele yako unayembishia jambo. Mayi, mama yetu, hajambo? Mgongo wake unasemaje siku hizi? Mvua imefika Bokoli, au bado mnautazama mlima tu? Mimi ni mzima. Bado naendesha basi, na bado nabishana na abiria kuhusu serikali yao na yetu. Mkuu wa zamu amenionya tena kwamba nimeajiriwa kuendesha, si kuhutubia.

Nimechagua karatasi kwa sababu kwa simu mimi na wewe hatuwezani. Dakika mbili tu tumeshafokeana, halafu unamrudishia Nekesa simu ukidai betri imeisha. Karatasi haina betri. Nekesa, dada yangu, msomee polepole, na usiruke mahali pakali.

Papa, ninaogopa. Nalisema mapema ili nisizungukezunguke.

Nekesa alinipigia akiwa Kanduyi. Akaniambia daktari wa Bungoma ameona uvimbe tumboni mwako, kwamba ukipasuliwa sasa kuna matumaini, na kwamba umekataa. "Ati yeye si ng'ombe wa Krismasi apasuliwe," alisema. Nilicheka, maana niliisikia sauti yako kabisa. Kisha akaongeza, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo: "Na ameshusha gitaa kutoka jikoni. Amelipangusa masizi, amelikalisha kwenye kiti sebuleni. Anasema uje ulichukue."

Kicheko kikaniishia mdomoni.

Watu wa huku wanaokusanya magitaa ya zamani nikiwaambia kwamba baba yangu huning'iniza besi yake juu ya moto wa kuni, katikati ya mahindi ya mbegu, hushika vichwa. Mbao itakauka! Shingo itapinda! Gundi itaachia! Nami nimekupigia kelele hizo miaka mingi, nikakutumia hata makala za mafundi. Wewe jibu lako ni lilelile: bungua hali mbao yenye moshi, na mbegu zako huota zote. Kila ulipolipiga, Mayi alilirudisha juu siku hiyohiyo. Sasa ameliacha chini wiki nzima. Papa, mimi nimezaliwa jikoni humo. Najua kinachoshushwa pale kisirudi juu kinaenda wapi. Kinaenda udongoni.

Na kuna jambo lingine sijamwambia mtu. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mjane mmoja nje ya mji kununua gitaa la besi la marehemu mume wake. La kizamani, rangi yake imepasukapasuka kama matope ya kiangazi. Nikamuuliza kwa nini liko kitini na sanduku lake liko hapohapo. Akasema, "Alilitoa mwenyewe akalikalisha pale. Hakulipiga. Siku chache baadaye alikwenda." Nililinunua, nikalileta nyumbani, na mpaka leo sijaweza kuligusa. Ndiyo maana Nekesa alipotaja kiti, nilihisi baridi ambayo si ya Glasgow. Kesho yake nilikipita kituo kizima bila kusimama, watu wakigonga kioo na kunipigia kelele. Nilikuwa nakiwaza kiti.

Kwa hiyo nisikilize vizuri. Gitaa lako silitaki.

Ndiyo, ni mimi nasema hivyo. Mimi niliyelitamani tangu ulipokuwa ukinipeleka Kitale Jumamosi ukienda kupiga, nikalala nyuma ya spika huku watu wanacheza dansi, mbavu zangu zikitetemeka. Ukuta wangu umejaa magitaa kwa sababu ya mtetemo ule. Nina la Kijapani la umri wangu, zito kama debe la mahindi: sauti yake huanza polepole, huvimba, kisha huzimika mapema, kama mtu anayekanyaga shamba lililolowa. Nina jipya la nyuzi tano, jepesi, linatumia betri: kila noti ni wazi, safi kama sakafu ya hospitali, na kosa lako linasikika mpaka nje. Wanaosema la zamani daima ni bora ni wavivu wa masikio, na wanaosema jipya daima ni bora ni watumwa wa madukani. Nimegombana na pande zote mbili. Lakini lako, lile ulilonunua Moi's Bridge kwa mpigaji aliyeokoka akaogopa kulala nalo nyumba moja, sijapata mfano wake. Nimelitafuta maisha yangu yote, na leo nalikataa. Sichukui kitu kutoka kwenye kiti hicho.

Na kwa kuwa wewe huishi bila vita, nakupa vita. Unakumbuka Pasaka nilipokupigia magitaa mawili kwa simu, nikakutaka utambue lipi ni la zamani? Ulipaza sauti mbele ya mjomba wangu, Khocha: "La pili! Hilo ndilo gitaa. Hilo lingine ni redio tu, bana!" Khocha akacheka mpaka akakohoa, nawe ukaniambia masikio yangu yameoza kwa baridi.

Papa, la pili ndilo lilikuwa jipya. Nilikata sponji ya kuoshea vyombo, nikaisukuma chini ya nyuzi pale zinapofungwa, zikaacha kulia, zikaanza kudunda. Ulichagua gitaa la betri. Ulikosea! Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umefurahi sana. Leo nakwambia kwa sababu heri ukasirike. Najua utasema simu ilipotosha sauti. Haya basi, tukutane ana kwa ana, wewe ukiwa umeshapasuliwa na kushonwa, tulirudie shindano mbele ya Khocha huyohuyo. Ukikataa hospitali, umekubali kwamba nimekushinda. Nitawatangazia Bokoli nzima.

Mama mmoja wa Kimilili anayerudi nyumbani ndiye aliyenibebea bahasha hii pamoja na pakiti ndogo. Ndani ya pakiti mna nyuzi mpya za besi. Usizitupe. Zile zako hujazibadilisha tangu nikiwa darasa la nne. Ulikuwa ukisema nyuzi mpya hulia kama kengele za mbuzi, na uzi haujifunzi kunyamaza mpaka upigwe mwaka mzima. Vizuri. Zifunge mwenyewe, usimpe mtu. Halafu uende Bungoma na Nekesa, upasuliwe, urudi, na uzipige kila jioni hadi kengele ziishe. Siku utakaponiambia zimetulia, zinadunda unavyotaka, nitakuja kulichukua gitaa, na nitalipokea mkononi mwako.

Msalimieni Khocha, shahidi wa aibu yako. Msalimieni shangazi yangu, Senge, mwambieni asali kwa sauti ya juu. Safari hii sitambishia. Wewe Nekesa, ukimaliza kusoma usifute macho mbele yake, atajiona ameshinda.

Nawe Mayi, mama yangu, nimekupinga kuhusu jiko lako tangu nilipojifunza kusoma. Leo nakuomba mimi mwenyewe. Jioni hii, kabla moto haujashika vizuri, liondoe gitaa kitini. Lipandishe palepale, kwenye moshi, katikati ya mahindi. Shingo na ipinde ikitaka.

Mwanenu mbishi,
Wanjala