Punje za Damari

Jumatatu, 7 Juni 1954. Lyamkena.
Baridi kali. Kisahani kilikuwa dirishani kama kila asubuhi. Punje tano za mahindi, na tano ndiyo mwisho wa kipimo. Nimeandika tatu.
Damari ni mke wa mwanangu Enoki, aliyeko Liganga na wapima mawe. Tumbo humwangusha kila mwezi, na sasa hata siku zisizo zake. Mama Daktari wa misheni, huko Njombe, anajaribu vidonge vipya kwa wanawake wenye ugonjwa huo, naye ataka maumivu yaandikwe kila siku. Damari hajui kuandika. Mimi ni mwalimu mstaafu, lakini ni baba mkwe wake; mambo hayo hatuwezi kuyatamka sisi wawili. Ndiyo sababu ya punje: yeye huziweka, mimi huandika hesabu yake.
Nampunguzia kwa adabu. Sipendi aonekane mlalamishi mbele ya mgeni kama Mama Daktari.

Alhamisi, 10 Juni.
Tano. Nimeandika tatu. Hakuweza kusimama asonge ugali. Naogopa.

Jumamosi, 12 Juni.
Tano tena. Nimeandika mbili. Keshokutwa tunapeleka daftari. Niliona vyema limalizike kwa shukrani.

Jumatatu, 14 Juni. Njombe.
Tumekuja kwa lori kutoka Makambako, pamoja na jirani yetu Mama Sekela, ambaye hupeleka maneno kati yangu na Damari. Mama Daktari alisoma daftari akafurahi. Vidonge vinafaa, alisema. Damari hatapasuliwa tena kama ilivyopangwa, kitanda chake atapewa mwingine. Na wanawake wote watapewa vidonge kwa kiasi hicho hicho.
Nilimshukuru. Mara mbili.

Jumanne, 15 Juni. Mjimwema, hapo hapo Njombe, kwa binamu yangu.
Mama Sekela alikuja na swali. "Damari anauliza, Mwalimu, kama punje zilikuwa hazionekani vizuri."
Nilimweleza yote. Akasema: "Kumbe umemkata maksi mgonjwa."
Nyuma ya ukuta Damari alikuwa akilia. Kilio hiki hakikuwa cha tumbo. Nimekuwa mtu mbaya kwa njia ya upole.

Jumatano, 16 Juni.
Nilikiri mbele ya Mama Daktari, nimesimama, kofia mkononi. Niliomba radhi hata akanisihi ninyamaze. Alisema daftari halimfai tena, na kwamba karibu awape wagonjwa dawa isiyotosha kwa kutegemea adabu yangu. Kitanda kilikwisha kuchukuliwa. Niliomba godoro la sakafuni. Akakubali, akaagiza Damari aletwe ampime kwa mikono yake mwenyewe.

Ijumaa, 18 Juni.
Amepasuliwa. Nilikaa nje tangu asubuhi. Sala zilinikatikia katikati. Mama Daktari alikuta vidonda vimegandamanisha matumbo. Ameondoa alivyoweza. Hakuahidi kuwa havitarudi.
Sijui nitamwandikia nini Enoki.

Jumanne, 22 Juni.
Niliruhusiwa kuingia wodini. Damari alivuta shuka akafunika uso kwa heshima, nami nikatazama sakafu. Mama Daktari aliuliza maumivu yakoje leo. Nilidhani atamnong'oneza Mama Sekela. Alijibu mwenyewe, kwa sauti iliyofika kitanda cha mwisho.
"Nne, Mama. Andika wewe."
Wanawake wodini wakacheka. Mama Daktari akaniangalia, akingoja niseme neno.
Sikumwombea Damari radhi.