Yeye Alipata Sauti Yako

Mama,

"Wewe usilie sana, Raya. Wewe ulimfaidi, mimi nilikuwa na simu tu." Hayo aliyasema mdogo wangu Saada siku ya arobaini yako, kutoka huko Uingereza, simu ikiwa imefunguliwa sauti katikati ya wanawake waliokuja kusoma khitma. Wote wakatikisa vichwa kumkubalia. Nami, ambaye ulikuwa ukisema nina mdomo wa mahakamani, nilinyamaza kwa heshima ya msahafu. Miezi mitano imepita. Leo namjibu, na wewe nakujibu, maana uongo huo ulianza kwako.

Nilikufaidi nini? Nilifaidi miguu yako iliyovimba, niliyoikanda kila jioni. Nilifaidi vidonge vyako na ugomvi wetu juu ya chumvi. Mazungumzo yako aliyafaidi yeye. Kila mwaka, baridi ya kule ikianza, ulikuwa ukikaa barazani saa nne asubuhi, kwao ikiwa saa moja na bado giza, unampigia. "Saada, ushaamka? Pazia ushafungua? Haya, kafungue, nasubiri." Na kweli ulisubiri, simu sikioni, huku mimi nikikupita na ufagio kama mpangaji.

Hukupata kuiona theluji, lakini ulimfundisha mtoto wa watu kuishi nayo. Mimi nilisoma makala za madaktari kuhusu huzuni ya miezi ya baridi. Wanasema mtu apate mwanga asubuhi, atembee, aonane na watu. Nikakuletea kwa fahari nikakusomea barazani. Ukanisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Hayo si nshamwambia?" Na ulikuwa ushamwambia. Alipolalamika kwamba kwao maghrib inaingia saa kumi, ulimjibu alipe Ramadhani zake zote alizokuwa akidaiwa, kwa sababu mchana wa huko unakwisha hata njaa haijaamka. Akafunga, na siku zake zikapata kichwa na miguu: daku, kazini, futari.

Halafu ule udi. Nilikuomba udi ule nifukizie nguo zangu za Idi. Ukasema, "Wewe una jua," ukampa msafiri ampelekee Saada pamoja na chetezo, eti nyumba iliyofungwa madirisha hunuka huzuni. Naye akafukiza kama tunavyofukiza sisi huku kijijini kwetu Shumba, moshi mpaka darini. Kile kidude chao cha kunusa moto kikapiga kelele, jengo zima likashuka barabarani na nguo za kulalia, na mwanao kasimama kwenye baridi na chetezo mkononi anaomba radhi. Siku hiyo ndiyo aliyojuana na majirani aliokaa nao miaka miwili bila salamu. Bibi wa chini akamkaribisha chai. Ulicheka mpaka ukaniita nikushike usianguke kitini. Fungu langu katika furaha ile lilikuwa kukushika.

"Wewe una jua." Mama, ulikosea. Mtu anaweza kuzama chini ya jua, na mimi masika nazama kila mwaka. Mvua ikishika wiki ya pili, nguo hazikauki, nikitoka kusomesha skuli nikifika nyumbani najitupa kitandani nimeelekea ukutani. Uliniona. Ulisimama mlangoni kwangu ukasema, "Raya kachoka," ukanishushia pazia ili nilale.

Yeye ulimfungulisha pazia umbali wa bahari ngapi. Mimi, niliyekuwa hatua sita kutoka kitandani kwako, ulinishushia. Nimelibeba jambo hilo miaka, na sikulisema kwa sababu kila mtu ananijua kwa kusema.

Sasa sikiliza yaliyotokea wiki iliyopita. Shemeji Masoud, mumewe, alinipigia. Akasema hii ndiyo baridi ya kwanza Saada bila wewe, na haamki. Kazini ameomba ruhusa mara tatu, sasa haombi tena, haendi tu. Mapazia yamefungwa mchana kutwa. Amelala na simu sikioni, anasikiliza sauti zako. Nikauliza, sauti zipi? Kumbe siku ambazo hakuwahi kupokea ulikuwa ukimrekodia ujumbe, na yeye hakufuta hata mmoja. Anazo za miaka.

Mimi sina hata moja, Mama. Nimeitafuta simu yangu yote. Nani anamrekodi mama aliye chumba cha pili?

Masoud akaniomba nimpigie kila asubuhi, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikamwambia mimi si jenereta, niwashwe umeme wa Mama ukikatika. Nikakata simu. Siku tatu sikupiga, na siku zote tatu nilijipa hoja nzuri, unajua nazijua kuzitafuta. Hoja zilipokwisha, kilichobaki ni wivu. Sikutaka awe na sauti yako kisha aongezewe na yangu. Nina mvi, Mama, na nilimwacha mdogo wangu gizani kwa sababu hiyo.

Jana saa nne nilikaa barazani, mahali pako. Nikapiga. Akapokea. Nikasema, "Pazia." Akasema, "Usiniigizie Mama." Nikamwambia, "Simuigizi mtu. Mama alikuwa akikubembeleza, mimi nitakugombeza." Akatoa sauti, kicheko au kikohozi, sikujua. Pazia hakufungua. Lakini simu hakukata, tukakaa hivyo, yeye anapumua na mimi napumua, mpaka salio langu likaisha.

Basi nakuahidi: nitampigia kila siku mpaka jua lao lirudi, na masika yakinifika mimi nitamwambia nami nazama, nisingoje aote ndotoni. Sikuahidi kwamba wivu umekwisha. Haujaisha. Lala salama, mamaangu. Mungu alipanue kaburi lako na alitie nuru, na anisamehe kwa kukugombeza hata huko.

Na wewe Saada, barua hii nakutumia wewe, maana mwenyewe hana pa kuipokelea. Kesho saa moja yako nitapiga. Nikukute umekoga, pazia liko wazi hata kama nje hakuna kitu cha kuona, na viatu umevaa, maana tukimaliza utashuka mpaka kwa bibi wa chini. Ukirudi, nitumie sauti ya Mama. Moja. Kesho kutwa ukiamka, nyingine. Usinitumie zote kwa pamoja ukarudi kulala.

Dada yako,
Raya