Aliyekupungia Kitambaa

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu, tena za moto. Natumaini mapafu yako ni mazima, maana ndiyo yanayotulisha. Huku hatujambo. Mama mguu unamsumbua kidogo, ila mdomo uko palepale. Mimi nashona tu. Siku nyingine naongea na cherehani kwa kukosa mwingine wa kuongea naye.

Tiketi ya onyesho lijalo imefika. Umesema ni safu ya tatu, kama mara ile. Sasa acha nikueleze mara ile ilivyokuwa, maana kwenye simu uliongea wewe tu kwa furaha.

Nilifika mapema, nimejipamba hadi dereva wa teksi akauliza kama naenda harusini. Nilitaka kitu kimoja: kukuona chini ya taa na lile koti jekundu nililokushonea. Mlinzi wa mlangoni alitazama tiketi, akatazama kiti changu cha magurudumu, akasema safu ya tatu ni ya kupanda ngazi. Angenibeba mgongoni, kiti kibaki nje. Nikamwambia kiti hiki ndiyo miguu yangu, yeye yake huwa anaiacha wapi? Hakucheka. Alimgeukia muuguzi aliyesimama karibu, akamuuliza kama naelewa ninachoambiwa.

Wakaniweka nyuma kabisa, ubavuni mwa gari la wagonjwa, eti ndiko salama. Muuguzi alinipa maji, kisha akaitwa kwingine. Ulipotokea jukwaani watu wote walisimama. Niliona migongo, mikanda na simu zilizoinuliwa juu. Tarumbeta yako niliisikia, nikakujua kwa ile pumzi unayoivuta kama mtu anayetaka kupiga chafya. Nililia, kaka. Watu wote wale, na nilikuwa peke yangu.

Kesho yake ukampigia mama, ukamwambia uliniona safu ya tatu nikikupungia kitambaa, nawe ukainama. Mama alifurahi mno. Mimi, uliyenipa jina la Domo, nikanyamaza. Yule hakuwa mimi. Sijui ni nani aliyekalia nafasi yangu. Na koti lako sijaliona likivaliwa mpaka leo.

Tiketi ninayo. Nenda pale mlangoni wewe mwenyewe, uwaulize nitapitia wapi. Wasipokuwa na jibu, nitakuja vilevile, ila safu ya tatu usinitafute. Tazama mbali, nyuma ya migongo yote, kwenye gari la wagonjwa. Uiname huko.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri.

Ni mimi mdogo wako,
Domo