Mistari Minne ya Sura ya Sita

Jumatatu, 4 Machi

Vitabu vya mwezi vimefika gazetini, nimevibeba nyumbani kwenye mfuko wa rambo. Riwaya ya kijana mmoja wa Lagos – nene kama tofali, na shujaa wake anachungulia dirishani tangu ukurasa wa kwanza. Inuka, kijana! Toka nje! Kumbukumbu za muuguzi mstaafu wa Abeokuta – hizi zimenishika mpaka ugali wangu wa amala ukapoa sahanini. Huyu mama anajua kusimulia. Kitabu cha watoto: kobe. Kobe tena! Watoto wa Ibadan wamemchoka kobe, na nadhani hata kobe mwenyewe kachoka.

Cha mwisho kimeletwa na dereva anayegawa nakala mji mzima, kimefungwa kwa utepe. *Kwa Mkono Wangu Mwenyewe*, maisha ya Chifu Adegoke Fasanya, yule mwenye malori. Ndani kuna kadi. Uzinduzi Jumamosi tarehe 23, ukumbini Bodija. Mhakiki wa siku: Bibi Moradeke Olaniyan. Mimi! Hakuna aliyeniuliza. Jina limeshachapwa, kwa wino wa dhahabu.

Miaka yote hii naandika ukurasa wa vitabu, na bado watu wanadhani mhakiki ni mpiga ngoma wa kukodi.

Jumatano, 6 Machi

Nimekisoma cha Chifu. Nilikuwa nimejiandaa kukichukia – kumbe sura mbili za kwanza ni nzuri! Utoto wake, baba anaanika kakao, mvua inakuja ghafla, nyumba nzima inatoka mbio na mikeka. Niliisikia harufu. Nimeandika pembeni: *huyu mtu angekuwa mwandishi.*

Halafu sura ya sita. Mke wa kwanza kapewa mistari minne. Hakuweza kuvumilia umaskini, anasema. Alitoka alfajiri moja, akaacha watoto wamelala, hakugeuka nyuma. Basi. Hata jina hana. Ukurasa unaofuata ni injini ya lori lake la kwanza – kurasa tano za injini! Injini ina jina, ina tabia, ina ugonjwa wake.

Simjui huyo mke. Lakini msomaji anayo haki ya kuuliza.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua ya kwanza ya mwaka. Katikati ya mvua, hodi. Mama wa miaka sabini hivi, kilemba chake cha gele kimelowa, kifuani amekumbatia mfuko wa nailoni. Nikamkaribisha, nikampa taulo. Akakataa chai.

"Wewe ndiye unayesema vitabu gazetini?"

"Ndiyo, Mama."

"Naitwa Wuraola. Mimi ndiye yule wa sura ya sita."

Nikakaa chini.

Akatoa kijitabu. Cha watoto, kimechapwa pale Mokola, picha kachora mwenyewe. *Mlango wa Buluu*. Nikamuuliza anataka nimtetee dhidi ya Chifu? Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mwanangu, mimi si mgonjwa wa kuonewa huruma. Nataka ukisome kama unavyosoma vingine. Kikiwa kibaya, sema kibaya. Wanangu walilelewa wakiambiwa niliwakimbia. Sasa wana watoto wao. Niliandika ili siku moja hao wadogo wakiokote mahali."

Akaondoka na mvua yake. Hata mwavuli wangu hakuutaka.

Jumapili, 10 Machi

Kitabu cha watoto husomewa watoto. Vinginevyo unakihakiki hewani. Nikawakusanya mabinti wa jirani barazani, na akara za moto, zile bajia za kunde, kama chambo.

Hadithi: mama anakwenda soko la Gbagi kuuza vitambaa. Anarudi jioni, kwenye mlango wa buluu wa nyumba yake kuna kufuli jipya. Watoto wako ndani. Anapiga magoti, anawaimbia kupitia upenyo wa chini, wao wanatoa vidole, yeye anavishika. Hao mabinti, ambao hawanyamazi hata kanisani, walinyamaza. Mdogo kabisa akauliza, yule mama usiku ule alikula nini?

Sijui mhakiki gani angeuliza swali zuri kuliko hilo.

Lakini kurasa za mwisho! Mahubiri. Watoto wawatii wazazi, watoto wasome kwa bidii, watoto wamche Mungu. Mabinti wakaanza kuvutana nywele, akara zikaisha, wakatawanyika. Kwa hiyo: nusu ya kwanza dhahabu, mwisho mzigo. Nitasema hivyo hivyo. Aliniomba ukweli, ataupata.

Jumanne, 12 Machi

Nimepeleka makala. Vitabu viwili ukurasa mmoja, kila kimoja na uhakiki wake. Sikusema Wuraola ni nani kwa Chifu. Kwa Chifu nimesifu kakao, nimesifu mvua, kisha nikauliza kwa nini injini ina kurasa tano na mke ana mistari minne.

Mhariri, Kolapo, akasoma akiwa amesimama. Akakaa. Akavua miwani.

"Madam. Unajua nani analipia tangazo la ukurasa wa nyuma kila wiki?"

"Basi ajihakiki huko huko ukurasa wa nyuma."

"Madam, nakuomba! Huu ni uzinduzi, si mahakama."

"Na mimi sijamhukumu mtu. Nimehesabu mistari."

Akasema ataitazama. Hilo neno *ataitazama* silipendi hata kidogo.

Jumatano, 13 Machi

Baba Dotun, mume wangu, mdomo umejaa maharage, anasema niende nimsifu mzee wa watu, nile wali wa sherehe, nirudi nyumbani. Vitabu vyenyewe nani anasoma, anasema. Nikamwambia, wewe kula. Akacheka, akala.

Jumamosi, 16 Machi

Nimelisoma gazeti mara tatu kabla ya kushika kalamu.

Ukurasa umetoka. Kitabu kimoja tu, cha Chifu. "Kazi adhimu ya simba wa Ibadan." "Kila kijana asome." Chini – jina langu. Picha yangu! Hata neno moja si langu. *Adhimu!* Mimi, katika maisha yangu yote, sijawahi kukiita kitabu adhimu!

Saa nne simu ikalia. Mama Wuraola.

"Nimesoma, mwanangu. Umeandika vizuri. Asante."

Akakata. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 18 Machi

Kolapo kwanza akasema ni kosa la mtambo. Nikamuuliza mtambo gani huo unaojua neno adhimu. Akainamisha kichwa. Maneno yaliletwa na karani wa Chifu, akasema, na mwenye gazeti ndiye aliyeamuru yatoke. Na jina langu? Jina lako linaaminika, Madam. Ndiyo maana.

Ndiyo maana! Wameniibia jina kwa sababu ninalo.

Nikataka masahihisho Jumamosi hii, ukurasa ule ule. Akasema hakuna ukurasa tena. Kuanzia wiki hii ni mambo ya michezo. Nikachukua kikombe changu na kamusi yangu. Binti wa mapokezi akanisindikiza hadi barabarani, analia kuliko mimi.

Jioni, Chifu mwenyewe kwenye simu, sauti kama asali. Amefurahi mno. Jumamosi nisome yale yale, basi, wageni wasikie.

"Nitakuja, Chifu," nikasema. "Na nitasoma nilichoandika kwa mkono wangu mwenyewe."

Akacheka. Alidhani natania kwa jina la kitabu chake.

Alhamisi, 21 Machi

Nimekwenda kwa Mama Wuraola. Alinifungulia bila salamu. Nikamweleza kila kitu, kisha nikatoa karatasi yangu ya kweli, nikamsomea nikiwa bado wima mlangoni. Sehemu ya Chifu aliisikiliza. Kwenye kakao akaitikia kwa kichwa – kweli, alikuwa anasimulia vizuri, akasema, ndivyo alivyonipata. Nikafika kwenye kitabu chake. Mahubiri ya mwisho.

"Mahubiri?"

"Ndiyo, Mama. Watoto walichoka."

"Kurasa zile ndizo nilizoandika kwa machozi!"

"Zinaonekana, Mama. Ndilo tatizo lake."

Alinikasirikia kabisa! Alizunguka chumba, akanyanyua kijitabu, akasoma mwisho akichezesha midomo, akakiweka. Kisha akanipa kiti.

"Hivyo vidole vya chini ya mlango," akasema, "hivyo ulivipenda?"

"Sijasoma kitu kama hicho mwaka huu."

Akaniuliza kama Yejide atakuwepo. Bintiye mkubwa. Nikamwambia ndiye mwenyekiti wa kamati ya uzinduzi, jina lake liko kwenye kadi. Akapika viazi vikuu, tukala.

Jumamosi, 23 Machi

Ukumbini. Naandika juu ya mapaja, kwenye jukwaa, mbele ya watu wote, na anayetaka kushangaa ashangae.

Kitambaa cha sare ya wageni ni zambarau. Mimi nimevaa kijani, makusudi. Karani ameniletea yale maneno adhimu, yamechapwa herufi kubwa nisihangaike. Nimeyakalia. Baba Dotun yuko safu ya tatu, na hajagusa wali wake – ndipo ninapojua kwamba anaogopa.

Chifu kazeeka. Anatabasamu kila upande. Karibu namhurumia. Nitaanza na kakao, na nitaisoma kwa sauti yote, maana inastahili.

Yejide kainama kuninong'oneza. Amesoma gazeti, ananishukuru, baba yake alilia kwa furaha. Nikamwambia asinishukuru bado.

Sasa mlangoni kuna mtafaruku kidogo. Bawabu anamzuia mtu asiye na kadi. Mama mmoja, hana sare, kifuani amekumbatia mfuko wa nailoni. Hapigi kelele, hasukumi. Amesimama tu.

Yejide ameinua kichwa. Anamtazama. Ameshuka jukwaani hatua moja, akasimama, mkono kwenye ukingo wa meza, anatazama baba, anatazama mlango –

Mshereheshaji ameshika kipaza sauti. Anasema, mhakiki wetu mashuhuri. Wanapiga makofi. Miwani iko wapi? Hii hapa. Karatasi yangu, hii hapa.

Nainuka