Mwandiko wa Mkono wa Kushoto

Mjukuu wangu Chebet,

Habari za huko ugenini? Sisi hapa Munyaka tuko salama, ingawa siku hizi "sisi" ni mimi na redio.

Unauliza kama uache uuguzi kwa sababu mikono yako inatetemeka ukidunga sindano. Nilipoolewa Ainabkoi sikujua kukamua. Ng'ombe alinipiga teke, nikalia. Mama mkwe akasema, "Rudi kesho." Nikarudi kila asubuhi, hadi vidole vikajua vyenyewe.

Tangu mkono wangu wa kulia upooze, najifunza kuandika kwa kushoto. Daktari wa mazoezi anasema tukirudia jambo, ubongo hutengeneza protini inayolisha neva zake, kama mbolea kwa mahindi. Barua hii imenichukua siku nne. Hapa hakuna wa kumwonyesha, kwa hivyo wewe ndiye wa kwanza kuuona mwandiko wangu mpya.

Nyanya yako